Maelezo ya Uchovu Wangu

Barua ya kwanza niliipokea siku ya Jumatatu kutoka kwa karani wa shule, mbele ya wanafunzi wangu wa darasa la tano. Ilikuwa na mistari minne iliyopigwa kwa mashine. Mwalimu mkuu alinitaka nieleze kwa maandishi, ndani ya saa arobaini na nane, kwa nini alinikuta nimeketi wakati wa somo la hesabu.

Sisi tuliofanya kazi ya serikali wakati wa Zaire tunaijua barua ya aina hiyo. Tuliiita demande d'explication, yaani ombi la maelezo, na kila mtu alikuwa nayo moja au mbili kwenye jalada lake. Mmoja alipewa kwa kuchelewa, mwingine kwa kusahau beji ya Chama nyumbani, mwingine kwa neno alilolisema kwa sauti mahali pasipofaa. Yangu ilikuwa ya kuketi.

Nilijibu siku ileile. Niliandika, "Niliketi kwa sababu nilichoka," nikatia sahihi.

Mwalimu mkuu akaniita ofisini. Alikuwa mwanamume mrefu, mpole wa sauti, mwenye abacost, ile suti isiyo na tai, ya kijivu, iliyopigwa pasi vizuri kuliko nguo yoyote nyumbani kwangu. Aliiweka karatasi yangu mezani na kuigonga kwa kidole.

"Citoyenne," alisema, maana wakati huo sote tuliitwa wananchi, "kuchoka si maelezo. Kila mtu anachoka. Mimi nataka sababu."

Nilitoka, maana sababu sikuwa nayo. Hilo ndilo lililoniuma zaidi ya barua yenyewe.

Nilikuwa na miaka thelathini na minne. Tulikaa Kabondo, mtaa wa Kisangani, katika nyumba ya vyumba vitatu, mimi na mume wangu na watoto wetu wanne, na mama mkwe wangu aliyekuja kutoka Isangi kumlea yule wa mwisho kisha akabaki. Mtoto huyo wa mwisho alizaliwa kwa taabu. Nilipoteza damu nyingi hata mkunga akaacha kuzungumza nami na kuanza kuzungumza na Mungu. Nilipona. Baada ya wiki sita nilikuwa tayari darasani, chaki mkononi. Lakini tangu siku hizo kulikuwa na kitu ambacho hakikurudi.

Watu wakisikia neno uchovu wanafikiri ni usingizi. Usingizi ukilala unaisha. Mimi nilikuwa naamka nimechoka. Nilikuwa nikikaa ukingoni mwa kitanda asubuhi, nikiitazama kandambili yangu sakafuni, na nikihesabu: kuinama, kuvaa, kusimama, kwenda nje. Mambo manne kabla hata ya kunawa uso. Kutwanga lituma, ndizi zetu za kupondwa, kulikuwa adhabu. Ndizi zilikuwa zimeiva chunguni, watoto wanangoja, nami baada ya mapigo kumi ya mchi naegemea ukuta kama mtu aliyekimbia kutoka kingo za mto. Darasani, sauti za watoto zilinifikia kutoka mbali, kana kwamba nimewasahau chini ya kilima nikapanda peke yangu.

Nilikwenda hospitali. Daktari, kijana aliyekuwa na foleni ndefu mlangoni, alinifunua kope la jicho, akaniuliza umri, akaandika sindano za vitamini.

"Ni mishipa ya fahamu, madame," alisema. "Usifikiri sana. Fanya michezo kidogo."

"Michezo gani, dokta? Kila siku natembea kilomita nne kwenda kazini, na Jumamosi nalima barabara ya serikali."

"Basi, pumzika," alisema, na tayari alikuwa anamtazama mgonjwa aliyekuwa nyuma yangu.

Mama mkwe wangu alikuwa na maelezo yake. Alizaliwa na kukulia majini, katika familia ya wavuvi, na kwake kila kitu kilichokwama kilikuwa na mtu aliyekikwamisha.

"Kuko mutu anakufunga," aliniambia huku akichambua sombe, majani ya muhogo. "Twende Yanonge. Kule kuko mama moja wa maombi, atakufungua."

"Mama, hakuna mutu ananifunga. Kama angenifunga, ningekuwa nimelala."

Hakupenda jibu hilo. Kwa siku tatu alizungumza nami kupitia watoto.

Barua ya pili ilikuja mvua zilipoanza. Wakati huo shuleni kulikuwa na mazoezi ya animation. Kila asubuhi, baada ya bendera, sisi walimu tulicheza mbele ya wanafunzi, tukiimba sifa za Chama na za Kiongozi, mikono juu, viuno vikizunguka. Kulikuwa kunakuja ujumbe wa viongozi kutoka Kinshasa, kwa hiyo tukaongezewa na alasiri ya Alhamisi, juani, vikwembe, vitenge vyenye picha ya Kiongozi, vimefungwa sare. Alhamisi moja, katikati ya wimbo, magoti yangu yalikataa. Sikuzimia. Nilitoka tu kwenye mstari, nikaenda kuketi kwenye saruji ya mlingoti wa bendera, nikaegemeza kichwa kwenye chuma kile kwa sababu kilikuwa cha baridi.

Barua iliniuliza kwa nini nilivunja moyo wa kizalendo wa wanafunzi na kudharau alama ya taifa. Nilijibu, "Tazama jibu langu la kwanza."

Safari hii mwalimu mkuu hakuniomba niketi.

"Ya tatu itakwenda kwa mkaguzi," alisema. "Nakupa nafasi kama baba angempa binti yake. Leta cheti cha daktari, ama leta maelezo yenye kichwa na miguu. Vinginevyo tutasema jina lake halisi, nalo ni uvivu."

Neno hilo nililibeba hadi nyumbani. Baba yangu, fundi cherehani aliyekuja Kisangani kutoka Maniema, alikuwa ameshona hadi vidole vyake vikapinda, na hakuna aliyewahi kulitumia neno hilo katika nyumba yetu. Nilikuwa nimechoka, sawa. Lakini kwamba mtu mwingine aniandikie jina la uchovu wangu, hilo nililikataa. Nikaamua kulitafuta mwenyewe.

Dada yangu mkubwa ndiye aliyenionyesha njia. Alikuwa anauza mchele sokoni, na kila wiki alipanda lori kwenda upande wa Bengamisa kununua. Aliniambia kuwa huko barabarani kuna Wachina waliokuja kufundisha kilimo cha mpunga, na wana daktari wao, mwanamke. Kila Jumatano, akishawamaliza watu wake, hupokea wenyeji. Goti la dada yangu lililokuwa likivimba kila masika, daktari huyo alikuwa amelichoma sindano mara tano.

"Sindano za nini, yaya?" nilimuuliza, kama tunavyowaita dada zetu wakubwa.

"Haziko na dawa ndani. Ni nyembamba kama unywele. Anachoma, anaacha, anakunywa chai."

"Na unalipia nini kwa kuchomwa sindano tupu?"

"Silipi kitu. Na goti iko muzuri," alisema dada yangu, akalipiga kofi goti lake kunionyesha.

Tulipanda lori Jumatano moja ya likizo, tukakaa juu ya magunia matupu. Mahali penyewe palikuwa na mabanda marefu ya mabati, mashamba ya mpunga yaliyokatwa mraba kama daftari la hesabu, na baraza ambapo watu kama ishirini walikuwa wameketi kimya. Daktari alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mfupi, nywele zimekatwa usawa wa masikio, miguuni amevaa viatu vyeusi vya kitambaa. Kando yake aliketi mkalimani, kijana Mchina aliyesema Kifaransa kilichonyooka mno, kama mtu anayesoma kitabu kwa sauti.

Zamu yangu ilipofika, daktari hakuniuliza naumwa nini. Aliomba mkono wangu. Akauweka juu ya kimto kidogo, akalaza vidole vitatu kwenye kifundo, akainamisha kichwa. Akakaa hivyo muda mrefu. Kisha mkono wa pili. Nilitaka kusema kitu, mkalimani akaniashiria ninyamaze. Nilikuwa sikumbuki mtu gani alinishika mkono muda wote huo bila kuwa ananivuta kwenda mahali.

Kisha akataka kuuona ulimi. Akamwita dada yangu naye autazame.

"Ni mweupe," mkalimani alitafsiri. "Na kandokando una alama za meno. Ulimi umevimba, unagusa meno. Daktari anauliza, unakula nini asubuhi?"

"Chai. Nikiwa na nafasi."

"Unakula saa ngapi chakula cha kwanza?"

"Saa nane. Nikitoka shuleni."

"Na mchana unalala?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Aliuliza kama natokwa jasho bila kufanya kazi, kama mikono yangu ni ya baridi, kama ninakumbuka majina ya wanafunzi. Aliuliza kuhusu choo. Kisha akauliza jambo jingine, na mkalimani akawa mwekundu hadi shingoni na kuanza kupanga karatasi zake. Daktari akarudia. Kijana akatazama mashamba. Daktari akapiga meza kwa kiganja.

"Anauliza damu yangu ya kila mwezi," nilisema. "Mwambie ni nyingi, inachukua siku nane, na baada yake siwezi kupanda ngazi tatu."

Kijana aliyatafsiri hayo akiwa ameinamia karatasi zake. Daktari akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyetafuta ufunguo na kuupata mfukoni.

Akaniambia kuwa kwao kuna uchovu wa namna nyingi, na kwamba kosa ni kuuita wote kwa jina moja. Kuna uchovu wa mtu aliyekwama, mwenye hasira iliyomkaa kifuani. Huyo akitembea, akicheka, akigombana, anapata nafuu. Kuna uchovu mzito, wa mwili uliolowa, kama ardhi baada ya mvua ya wiki nzima, ambapo kichwa kinakuwa kama kimefungwa kitambaa. Na kuna uchovu wa mtu aliyepungua. Huyo ukimhimiza atembee unamwongezea.

"Ukipumzika, unapata nafuu?" aliuliza.

Nilifikiri. Lilikuwa swali rahisi.

"Sijui," nilisema. "Sijajaribu."

Dada yangu akainamisha uso. Daktari aliposikia tafsiri aliandika mstari mmoja, akasema neno fupi.

"Vide," alisema mkalimani. "Daktari anasema wewe ni mtupu."

Hapo nilikasirika. Nilikuwa nimesafiri kwa lori kwa saa mbili, nimevumilia magunia na vumbi, halafu naambiwa hivyo na mgeni.

"Mimi si mtungi," nilimwambia. "Nina watoto wanne na wanafunzi hamsini na sita. Mwambie."

Akamwambia. Daktari akaniangalia kwa macho mapya, akavuta kiti chake karibu. Alieleza, kijana akifuata nyuma yake kwa shida, kwamba mwili una nguvu inayotembea kama pumzi, na nguvu hiyo inapikwa kutokana na chakula. Anayeipika ni wengu. Wengu ni jiko. Jiko langu lilikuwa linapewa chai na maji baridi, na moto wake ulikuwa umepunguzwa na damu niliyopoteza wakati wa uzazi, na tena kila mwezi. Halafu, juu ya jiko lililofifia, naweka chungu cha watu kumi.

"Mimi nafundisha elimu ya viumbe darasa la tano," nilisema. "Katika kitabu chetu wengu haupiki kitu."

Daktari akacheka kwa mara ya kwanza. "Kitabu chako ni sawa," alisema. "Wapasuaji wakifungua tumbo hawataona jiko. Sisi tunaposema wengu tunaitaja kazi, si kipande cha nyama. Wewe niambie kama kazi hiyo inafanyika vizuri kwako."

Sikuwa nimesadiki yote, na mpaka leo sijasadiki yote. Lakini kwa mara ya kwanza mtu alikuwa ameueleza uchovu wangu kama kitu chenye mwanzo, chenye njia, bila kuutaja uvivu, wala mishipa ya fahamu, wala jirani mwenye kijicho.

Akanilaza juu ya kitanda cha turubai. Akapima vidole vinne chini ya goti, upande wa nje, akachoma. Nilihisi mguu ukiwa mzito na joto likishuka hadi kwenye unyayo. Mkalimani alisema mahali hapo kwao panaitwa maili tatu za mguu, kwa sababu msafiri aliyeishiwa nguvu akichomwa hapo anaweza kwenda maili nyingine tatu.

"Mwambie sizitaki," nilisema nikiwa nimelala. "Hizo maili tatu ndizo zilizonifikisha hapa."

Daktari alicheka hadi akaweka chini kifuko chake cha sindano. "Ndiyo maana nakuchoma ukiwa umelala," alijibu. "Leo huendi popote."

Kisha akawasha kitu kama sigara nene, majani makavu yaliyoviringwa kwenye karatasi, akakishikilia karibu na ngozi bila kunigusa. Harufu yake ilikuwa kama ya shamba linapochomwa. Nilisinzia pale mbele za watu.

Aliponiamsha alinipa masharti. Uji wa mchele wa moto kila asubuhi, na tangawizi, na karanga zilizosagwa, kabla ya kutoka nyumbani. Chakula kilichopikwa, hakuna maji ya barafu. Kulala saa moja kila mchana. Kwa miezi mitatu nisitwange, nisibebe, nisilime barabara. Na nirudi hospitali wakapime damu.

"Lakini wewe ndiye daktari wangu sasa," nilimwambia.

"Sindano zangu hazitengenezi chuma," alijibu. "Wakikuta damu imepungua, kunywa vidonge vyao. Mguu mmoja hautoshi kwa safari."

Nilimwomba cheti. Aliandika kwa maandishi ya kwao, safu tatu kutoka juu kwenda chini, akagonga muhuri mwekundu. Mkalimani alinisomea: mama huyu apumzike kila mchana, ale vya moto, asifanye kazi nzito kwa miezi mitatu. Nikauliza kama anaweza kuandika kwa Kifaransa. Alisema hana muhuri wa Kifaransa.

Jioni ile nilimweleza mume wangu. Alikuwa karani wa bandari, mtu wa maneno machache. Alisikiliza mpaka mwisho, akaenda uani, akachukua mchi. Mama yake alitoka jikoni mbio.

"Unafanya nini? Mutoto wangu atatwanga lituma kama mwanamuke?"

"Mama," alisema bila kuacha kutwanga, "kule kambi ya samaki, nani alikuwa anapika? Tulikuwa wanaume tupu."

"Ile ilikuwa kambi."

"Na hii ni nyumba yangu."

Lituma yake ilikuwa na mabonge. Tulikula yote. Majirani walipita mbele ya ua mara nyingi kuliko kawaida wiki hiyo.

Kulala mchana kulikuwa kugumu zaidi ya sindano. Nilitandika mkeka sebuleni, mlango wazi, kwa sababu kuufunga kungekuwa kama kukiri kosa. Wanawake wa mtaa walisimama kizingitini na kuuliza kama kuna msiba. "Hapana," niliwajibu nikiwa palepale mkekani. "Nimepumzika." Mmoja aliuliza naumwa nini. Nikasema, "Naumwa kutopumzika." Akaenda kuwaambia wengine, nikasikia kicheko barabarani, nami nikageukia ukutani.

Jumamosi chefu, yaani mkuu wa mtaa, alikuja na orodha ya salongo, ile kazi ya lazima ya kufyeka mitaro na kufagia barabara. Aliniita kwa jina la ukoo. Nikampa cheti. Akakigeuza, akakigeuza tena.

"Hii imeandikwa nini?"

"Nipumzike miezi mitatu."

"Mimi nitajuaje?"

"Redio inasema kila siku kwamba Wachina ni rafiki wa Zaire. Ukiona rafiki wa Zaire anadanganya, andika ripoti, papa. Mimi nitaitia sahihi kama shahidi."

Kisha akafungua daftari lake, na mbele ya jina langu, kwa uangalifu mkubwa, ulimi umetokeza nje ya mdomo, akaanza kunakili ile herufi ya kwanza. Ilimchukua mistari miwili. Sikufyeka mtaro tena hadi msimu wa mahindi.

Hospitali walipima damu, wakakuta imepungua sana. Vidonge vya chuma havikuwepo duka la dawa, dada yangu akavipata kwa mteja wake aliyekuwa muuguzi. Nilivimeza. Nilikula uji. Nilikula sombe na, ilipopatikana, maini. Kila wiki ya pili, baada ya masomo ya Jumatano, nilipanda lori kwenda kuchomwa. Wiki ya tatu hakuna kilichobadilika, nikataka kuacha. Wiki ya sita niliamka, nikavaa, nikanawa, nikafika shuleni, na ilikuwa saa nne nilipokumbuka kwamba sijachoka. Watu huniuliza kilichonisaidia ni kipi, sindano, vidonge, uji au mkeka. Sijui, na siwezi kujifanya najua. Najua tu kwamba bila yule mwanamke nisingemeza wala kulala, kwa sababu hakuna mwingine aliyeniambia kuwa nina haki ya mojawapo.

Barua ya tatu ilikuja hata hivyo. Mwalimu mkuu alinikuta wakati wa mapumziko ya mchana nimelala juu ya mkeka nyuma ya darasa. Safari hii nilijibu kwa kurasa tatu. Niliandika kuhusu uzazi na damu. Niliandika kuhusu aina za uchovu, aliyekwama, aliyelowa, aliyepungua, na kwamba mimi ni wa tatu. Niliandika kwamba kumchezesha mtu aliyepungua ni kumwongezea ugonjwa, na kwamba mtu anayeuita ugonjwa huo uvivu anapaswa naye kuombwa maelezo, ndani ya saa arobaini na nane. Niliambatisha matokeo ya damu na cheti cha Mchina.

Aliniita. Karatasi zangu zilikuwa mbele yake, na nikaona amezisoma, kwa sababu alikuwa amesahihisha kosa moja la Kifaransa kwa kalamu nyekundu.

"Citoyenne, umeniandikia habari za wengu."

"Uliomba sababu."

"Unajua kuwa Chama hakichoki."

"Chama hakizai, Mwalimu Mkuu."

Karani wa chumba cha pili aliacha kupiga mashine. Mwalimu mkuu aliangalia mlango, kisha akaniangalia mimi, na kwa nukta moja niliona mtu aliyechoka vibaya, mwenye mifuko chini ya macho, ambaye naye hakuna aliyemuuliza anakula nini asubuhi. Karibu nimwonee huruma. Kisha akasema, "Utapata habari."

Habari zilikuwa uhamisho. Nilipelekwa Lubunga, ng'ambo ya mto, shule ya mabati ambayo kila mwalimu aliiogopa kwa sababu ya kuvuka maji alfajiri. Hawakunifukuza, na nadhani kurasa zile tatu ndizo zilizowazuia. Hakuna aliyetaka zifike kwa mkaguzi.

Kabla ya kuhama nilikwenda mara ya mwisho barabara ya Bengamisa. Zamu ya daktari ilikuwa imekwisha, alikuwa anarudi kwao mwezi huo. Aliponishika mkono niliona midomo yake haina rangi.

"Muulize yeye," nilimwambia mkalimani, "analala mchana?"

Kijana alisita. "Si kawaida kumuuliza daktari."

"Muulize."

Akauliza. Daktari aliweka kando kimto chake. Kisha akasema kwamba ana binti, alimwacha na miaka kumi na minne, sasa ana kumi na sita, na barua zake huja fupi zaidi kila mara. Alisema uchovu wake yeye ni ule wa kwanza, wa kukwama. Nilimwomba mkono, akanipa. Sikujua kutafuta chochote kwenye mapigo yale. Niliushika tu, kwa muda uleule aliokuwa ameshika wangu siku ya kwanza, na watu wa barazani wakangoja.

Lubunga nilianza mwezi wa tisa. Wanawake wenzangu wa huko walikuwa wamesikia habari zangu, wakaja mmojammoja kuulizia kuhusu Wachina. Niliwauliza kila mmoja kama akipumzika anapata nafuu. Kati yao wote, ni mmoja tu aliyekuwa na jibu, naye alikuwa mjane.

Mkuu wa shule hiyo alikuwa mwanamke mnene, mkali, aliyekuwa na jalada langu lote mezani siku niliporipoti. Alilifunga bila kulisoma mbele yangu.

"Hapa pia tunacheza kila asubuhi," alisema. "Wewe unacheza?"

"Hapana."

"Bado unaumwa?"

"Nimepona kiasi cha kutosha."

"Sasa kwa nini huchezi?"

"Zamani sikucheza kwa sababu nguvu hazikuwepo," nilimwambia. "Sasa zimerudi, na nimeona pa kuzipeleka."

Alifungua droo, akanipa daftari la mahudhurio la darasa la nne. Walikuwa wanafunzi sitini na mmoja. Nikaenda kuwafundisha.